Chipu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Mashine ya dirishani imekufa. Nimepata habari wakati wa chai, mke wangu akifunga vifungo vya sare yake ya uuguzi. Amesema mama yake amepiga simu, mashine moja ya kufulia haiwaki, na anataka kumwita Fundi Taratibu.

Kijiko kilinianguka. Fundi wa elektroniki katika familia hii ni mimi. Nina meza, nina mita, nina kibanda kinachotazamana na cha huyo Taratibu. Mama mkwe wangu akiita mtu wa ng'ambo ya barabara, wateja watanielewaje? Nimetoka mbio. Viatu nimevalia njiani.

Taratibu si jina lake. Anaitwa hivyo kwa sababu kila sentensi yake inaanza na neno hilo. Ana kiti cha wateja chenye mto. Wateja wangu mimi husimama, jambo linalofupisha maneno.

Nimefika kabla yake. Mama mkwe alikuwa kasimama ndani ya duka lake la dobi, katikati ya mashine zake mbili, ya dirishani na ya ukutani, mikono kiunoni. Yeye na marehemu baba mkwe walizinunua zamani sana kutoka hoteli iliyokuwa inafungwa. Ndizo zinazofua sare zote za hospitali ya wazazi, anakofanya kazi mke wangu. Nimemwambia hakuna haja ya kusumbua watu wa nje wakati mkwe yupo. Ameniuliza mara ya mwisho nilitengeneza nini kikapona. Nimetaja redio ya Mjomba. Mjomba ni kaka yake, karani mstaafu wa mahakama, hushinda hapo dukani kwenye benchi na gazeti lake. Amesema bila kuinua macho kwamba redio hiyo siku hizi inashika stesheni moja tu, na wanachotangaza ni upepo.

Nimefungua mgongo wa mashine. Bomba la juu linadondosha maji kwenye kibao cha saketi, na katikati ya kibao hicho, ndani ya soketi yake, kuna chipu nyeusi yenye miguu ishirini. Imechafuka. Nimeichomoa, nikaigusisha na mita. Mita haikusema kitu. Nikatangaza kwamba imekufa. (Mita haiwezi kupima chipu za namna hiyo, lakini walionizunguka hawajui.)

Nikawaeleza kwa utulivu wa kitaalamu. Chipu hii ndiyo akili ya mashine. Ndiyo inayoamua maji yaingie lini, ngoma izunguke lini, mlango ujifunge na kufunguka lini. Chipu za aina hii madukani bado zipo, ila zinauzwa tupu, hazijafundishwa kitu. Aliyezifundisha hizi ni mtengenezaji wa mashine, na kampuni yake ilishafunga milango. Mama mkwe akauliza, kwa hiyo? Kwa hiyo, nikasema, mashine ya ukutani inayo chipu ile ile, nzima. Nitanakili yaliyomo niyahamishie kwenye chipu tupu. Kazi ya mchana mmoja.

Akasema Ijumaa sare za wauguzi lazima zitoke. Akasema pia kwamba kama sijui, niseme sijui, hakuna atakayenicheka.

Nimesema najua. Sijawahi kunakili chipu maishani mwangu, lakini shuleni nilinakili mambo magumu zaidi, tena msimamizi akiwa amesimama nyuma yangu.

Mjomba ameomba ile chipu iliyokufa. Nimempa. Wazee hupenda vitu vidogo.

Jumanne, 7 Mei

Nimepata mashine ya kunakilia chipu. Ni kisanduku cha bluu chenye soketi juu na waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Muuza vitu vilivyotumika hakutaka kitu kingine ila feni. Nimempa feni ya sebuleni. Ni hatua ya muda. Jina langu likishavuma kwa chipu, tutakuwa na feni kila chumba.

Maelezo ya kisanduku yameandikwa kwa lugha nisiyoijua, tena kwa herufi nisizozijua. Nimesoma picha.

Nikachomoa chipu nzima kutoka mashine ya ukutani. Mama mkwe akauliza kama nina hakika kwamba dawa ya mashine moja kuzimika ni kuzizima zote mbili. Nimesema ndivyo inavyofanyika duniani kote.

Nikaiweka kwenye kisanduku, nikaisoma. Kioo cha kompyuta kikajaa namba moja. Moja, moja, moja, mpaka chini. Sifuri hakuna hata ya dawa. Mjomba akachungulia juu ya miwani akauliza kama ile ndiyo akili ya mashine. Nimesema ndiyo. Amesema kuna watu anaowajua wana akili ya hivyo.

Nikaweka chipu tupu kutoka pakiti niliyoinunua asubuhi, nikabonyeza picha ya kalamu. Kompyuta ikafikiri. Kisha ikatoa alama ya kijani: nakala inalingana na ya asili, kosa hakuna hata moja. Nimewaita wote waje waone. Mama mkwe akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akaitazama ile kijani, akasema, vizuri. Neno hilo sijalisikia kutoka kwake tangu siku ya harusi yetu, na hata siku hiyo alikuwa anasifia viti. Nimetafuta sababu ya kupita mbele ya kibanda cha Taratibu. Nimepita mara tatu, nikipiga mluzi.

Nikairudisha ya asili ukutani. Ikawaka, ikaendelea na kazi kama vile haikuguswa. Nakala nikaichomeka dirishani. Kimya. Nikaichomoa nikaipuliza nikairudisha. Kimya. Nikaipiga mashine kofi la ubavuni, ambalo husaidia televisheni. Kimya.

Mjomba akauliza swali la kizee: chipu tupu, kabla haijaandikwa chochote, ikisomwa inaonekanaje? Ili nimnyamazishe nikatoa tupu nyingine kwenye pakiti, nikaisoma mbele yake. Moja, moja, moja, mpaka chini.

Kwa hiyo leo nimetengeneza nakala kamili, isiyo na kosa hata moja, ya kitu kitupu. Nimewaambia hilo lilikuwa jaribio la kupasha vifaa moto.

Mke wangu amerudi kazini, amesimama katikati ya sebule akajipepea kwa mkono. Ameuliza feni iko wapi. Nimesema imekwenda kusafishwa.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi nimevuka barabara kwa kisingizio cha kuazima bisibisi. Taratibu alikuwa anakunywa chai. Nimeketi kwenye kile kiti chenye mto. Ni kizuri kweli. Hilo halitatoka kinywani mwangu.

Nikamuuliza, kwa niaba ya rafiki yangu anayeishi mbali, kwa nini chipu inayofanya kazi isomeke kama tupu.

"Taratibu," alisema, akakoroga chai. "Mwambie huyo rafiki yako kwamba watengenezaji walikuwa wanazitia kufuli la ndani, ili watu wasiibe kazi yao. Ukitaka kuisoma inakuonyesha ukuta mweupe. Kazi inafanya, siri haitoi."

Nikauliza rafiki afanye nini sasa.

"Taratibu. Kwanza ahakikishe ile iliyokufa imekufa kweli. Aniletee niione. Mama mkwe wake hajambo?"

Nikasema hajambo, kabla sijakumbuka kwamba rafiki huyo hata sikumwambia ana mke. Nimeondoka na bisibisi.

Ushauri wenyewe wa kitoto. Mtu anauliza habari za kufuli, anaambiwa habari za maiti. Lakini njiani akili ikanijia. Chipu isiyotaka kusomwa itahojiwa. Ina miguu kumi ya kusikilizia na minane ya kujibia. Nikiiuliza kila swali linalowezekana na kuandika kila jibu, nitakuwa na akili yake yote bila kugusa kufuli. Maswali ni elfu moja na ushee. Nimefunga ubao wenye swichi za kuulizia na taa za majibu. Mimi nibonyeze, Mjomba aandike. Amekubali papo hapo. Amesema tangu astaafu hajapata shahidi.

Chipu ya ukutani nimeichukua kwa kumwambia mama mkwe kwamba naipeleka kuisafisha miguu.

Tulianza vizuri mno. Mjomba aliandika kwa mwandiko wa hukumu. Kisha nikarudia swali moja ili kuhakikisha, na jibu likaja tofauti. Nikamwambia Mjomba ameandika vibaya. Mjomba akavua miwani. Akasema katika utumishi wake wote hakuwahi kuandika neno ambalo halikusemwa. Tukauliza tena. Jibu likawa la kwanza. Tukauliza tena. Likawa la pili.

Mjomba akasema shahidi huyu hajibu swali peke yake, anajibu kwa kuangalia pia aliulizwa nini kabla, na kwamba shahidi wa hivyo anakumbuka mambo. Nikamwambia hapa hatupo mahakamani, hapa ni sayansi. Nikaamua kwamba kila swali lenye mzozo liulizwe mara tatu, na jibu lenye kura nyingi lishinde. Mjomba akaandika pingamizi lake pembeni ya karatasi, akatia saini, akaendelea na kazi.

Kabla ya jua kuzama uchaguzi ulikuwa umekwisha, na chipu ya ukutani imerudi mahali pake. Matokeo nimeyaingiza kwenye kompyuta, ikayageuza kuwa mpango, nami nikaandika mpango kwenye chipu mpya. Kijani tena. Safari hii kwenye kioo kuna na sifuri.

Mke wangu ameuliza feni inasafishwa na nani kwa muda wote huo. Nimesema kuna foleni.

Alhamisi, 9 Mei

Imewaka.

Naandika tena: imewaka. Nimechomeka chipu ya kura kwenye mashine ya dirishani, taa zikaja, maji yakaingia, ngoma ikazunguka kulia, ikasita, ikazunguka kushoto. Mama mkwe akaweka kiganja kwenye kioo cha mlango. Kisha akaniambia kwamba marehemu alikuwa akipenda kuketi pale pale na kikombe chake kusikiliza zote mbili zikizunguka pamoja. Alikuwa anasema zinaongea. Wiki hii nzima, amesema, duka lilikuwa kama mtu anayeongea peke yake.

"Asante, mwanangu," akasema.

Nimejifanya natafuta bisibisi.

Akauliza kama aanze na mzigo mdogo kwanza. Nimesema jaza, Mama, hii sasa ni mpya. Akajaza. Sare zote za wauguzi zikaingia, pamoja na zote mbili za mke wangu. Mlango ukajifunga, kitasa kikasema tak.

Ikafua. Ikamwaga maji. Ikajaza, ikafua. Ikamwaga. Ikajaza.

Mama mkwe akasema kusuuza huwa mara mbili. Nimemwambia chipu mpya ina bidii. Alipomaliza kula akarudi, akaikuta inajaza. Akasema hii si bidii. Ilibidi nikubali kimoyomoyo. Mashine haikumbuki kwamba imeshafua. Kila ikifika mwisho inajiona imeingia kazini sasa hivi. Na mlango haufunguki mpaka kazi iishe, na kazi haiishi.

Nikachomoa umeme. Mlango haukufunguka, maji yakabaki nusu, sare zikasimama nyuma ya kioo zimeinua mikono kama watu wanaoomba lifti. Nikairudishia umeme. Ikaanza upya kwa furaha.

Mjomba amechukua karatasi zake za jana, akaweka kidole kwenye pingamizi lake, akanionyesha. Mama mkwe hakupiga kelele. Ameuliza tu kama itafunguka. Nimesema kesho asubuhi.

Ijumaa, 10 Mei

Mke wangu amekwenda kazini na sare ya kuazima. Mwenye sare ni mara mbili yake. Ameibana mgongoni kwa pini na hakuniaga.

Metroni wa hospitali amepiga simu dukani mapema. Wauguzi karibu wote wamevaa nguo za nyumbani. Baba mmoja aliyekuja kumwona mtoto wake mchanga amemtuma nesi akamletee chai, akidhani ni shangazi wa mgonjwa wa jirani. Metroni hakuona la kuchekesha. Amesema kuna dobi mwingine karibu na hospitali, mwenye mashine mpya, na kwamba yeye hapendi kubadilisha watu, ila anaweza.

Mambo yakifika hapo, mwanamume hakai akashika tama. Nimeingia mtandaoni. Nimepata mtu anayeeleza habari za chipu hizi hizi, na ameandika waziwazi: ukiifuta chipu, kufuli lake nalo linafutika. Sentensi iliyofuata ilifunikwa na tangazo la mafuta ya nywele. Sikuona haja ya kuhangaika nayo. Nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nimeshakipata.

Mashine ya ukutani ilikuwa katikati ya kazi. Nimesubiri imalize, nikachomoa chipu ya asili, nikaiweka kwenye kisanduku cha bluu, nikabonyeza picha ya ufagio.

Kufuli likaondoka. Nikaisoma. Safari hii ilisomeka bila kizuizi chochote, milango wazi, kila kitu peupe. Moja, moja, moja, mpaka chini.

Nimekaa nikaitazama. Nikaisoma tena, polepole zaidi, kana kwamba itaona haya. Nikafunga tangazo la mafuta ya nywele. Sentensi ya pili ilisema: pamoja na kila kilichomo.

Mashine ya dirishani imefungia sare ndani. Mashine ya ukutani haina akili. Chipu pekee iliyokuwa inajua kazi hiyo sasa haijui kitu, na mimi ndiye niliyeisahaulisha.

Nimemweleza mama mkwe. Nilijaribu kwanza kwa maneno ya kitaalamu. Alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Ile siku uliyoichukua ukasema unaisafisha miguu, uliisafisha?"

Nikasema hapana.

"Sikukuomba uwe fundi, baba," akasema. "Nilikuomba uniambie kama hujui. Ungeniambia, sasa hivi ningekuwa nakunywa chai."

Akaenda uani, akavuta mabeseni mawili, akaanza kufua mashuka ya wodini kwa mkono. Mgongo wake si wa kuinamia beseni. Nimevua saa nikainama kwenye beseni la pili. Hakunifukuza. Vidole vyangu vimejikunja kwa sabuni na naandika haya kwa shida.

Jumamosi, 11 Mei

Jana sikueleza yote.

Wakati tunafua, mama mkwe alimpigia simu Taratibu mwenyewe. Alikuja, kwa mwendo wake. Alituamkia wote. Aliuliza hali za watu wa nyumbani, mmoja mmoja, na mimi akaniuliza hali ya rafiki yangu wa mbali. Kisha akapiga goti mbele ya mashine ya dirishani, akafungua kijilango cha chini ambacho siku zote nilidhani ni urembo, akachomoa bomba, maji yakamwagika kwenye ndoo. Ndani kulikuwa na kamba nyekundu. Akaivuta. Kitasa kikasema tak na mlango ukafunguka.

Sare zilitoka zikiwa safi kuliko zilivyowahi kuwa. Nimelitaja hilo. Hakuna aliyeniunga mkono.

Akauliza chipu iliyokufa iko wapi. Nikasema ilishakufa, ya nini. Akasema taratibu, anaiomba tu. Wote tukamgeukia Mjomba. Mjomba akajikohoza, akatia mkono mfuko wa shati, akaitoa. Ikabidi aeleze. Tangu Jumatatu amekuwa akiitumia kuchania masharubu. Amesema meno yake yamepangika vizuri na hayang'oi nywele.

Taratibu akaipokea kwa heshima, akaipanguza mafuta, akanyoosha miguu miwili iliyopinda, akaisugua yote kwa kifutio cha penseli mpaka ikang'aa. Akaichomeka kwenye mashine ya ukutani. Akabonyeza.

Ikawaka. Ikajaza maji, ikafua, ikasuuza mara mbili, ikakamua, ikafungua mlango, ikanyamaza.

Chipu haikuwa imekufa. Lile bomba linalodondosha lilikuwa limetia kutu miguu yake, umeme ukawa haupiti. Ndiyo hivyo tu. Nimefanya hesabu ya haraka kichwani: Jumatatu, kifutio cha penseli kilikuwa kwenye droo yangu. Nimeacha kufanya hesabu.

Taratibu hakunicheka. Hilo limeniuma kuliko kicheko. Amesema tu kwamba kuchunguza mfu kabla ya kuzika si dharau kwa mtu. Mama mkwe akamletea kiti cha jikoni na chai.

Sare zimefika hospitali jana jioni, zimepigwa pasi. Metroni amepokea na hajasema tena habari za yule dobi mwingine.

Leo mke wangu amepita kwa muuza vitu vilivyotumika kutafuta ndoo, akaikuta feni yetu inauzwa, inazunguka, imewekewa utepe. Ameirudisha nyumbani kwa kubadilishana na koti langu la harusi. Amesema siku ile ya harusi liliahidi mambo mengi. Kisanduku cha bluu hajakiulizia, nami sikumkumbusha.

Jumatatu, 13 Mei

Chipu nzima imebaki moja, mashine mbili. Taratibu ameshinda dukani leo, kaketi mbele ya mashine ya ukutani akiitazama ikifua. Anaitazama tu. Kila ikibadilisha hatua anaandika: hapa ilikuwa inafanya hivi, ikasikia maji yamejaa, ikahamia pale. Nimemwambia njia yangu ya kuuliza maswali ilikuwa ya haraka zaidi. Akasema taratibu, maswali yangu hayakuwa mabaya, ila chipu hii haijibu ulichouliza tu, inakumbuka pia imefikia wapi. Ukiihoji bila kujua ilikotoka, itaonekana inasema uongo.

Mjomba akaomba maneno hayo yarudiwe. Yakarudiwa. Akaomba tena.

Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kusoma gazeti wala kufanya chochote, maana Mjomba alimsimulia kila mteja aliyeingia habari za shahidi wake.

Taratibu ameandika mpango mpya kutoka mwanzo, akautia kwenye chipu tupu. Jaribio la kwanza mashine ilizunguka kulia peke yake. Akarekebisha. La pili ikafua vitambaa vya jikoni mpaka mwisho na mlango ukafunguka wenyewe. Ameliziba pia lile bomba. Alasiri zote mbili zilikuwa zinazunguka pamoja. Mama mkwe akaacha pasi, akaja akasimama kati ya mashine. Nilitaka kusema kwamba ile chipu tupu iliyotumika ni ya pakiti yangu. Nikamtazama uso, nikaacha.

Mke wangu amenitaka niahidi kwamba sitagusa tena mashine za mama yake. Nimeahidi hapo hapo, mbele ya Mjomba, ambaye ameiandika. Nilimaanisha. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Kuanzia kesho kazi yangu hapa dukani ni kupeleka sare hospitali kwa mkokoteni, mpaka mama mkwe atakaposema basi.

Jumanne, 14 Mei

Nimepeleka sare. Metroni amezihesabu, amenusa moja, amenishukuru kwa sauti ya kawaida. Nimejisikia mtu mpya.

Wakati wa kutoka nimepita ukumbi wa kliniki ya wajawazito. Ukutani kuna ubao wa kuita namba za foleni, wa zamani, wenye taa nyekundu. Namba ikiwaka, mama mwenye namba hiyo anaingia kwa daktari. Nimesimama kuutazama. Nikamuuliza mlinzi umewahi kuharibika. Akasema haujawahi, tangu aajiriwe. Nikauliza kama chipu yake ina nakala mahali popote. Akauliza chipu ni nini.

Hapo nikashtuka. Hospitali nzima inategemea chipu moja ya kizamani isiyo na nakala, na hakuna anayelala na wasiwasi. Wanangoja nini, iharibike? Kosa langu wiki iliyopita lilikuwa kuchelewa. Nilinakili wakati mashine imeshakufa na kila mtu ana papara. Chipu inatakiwa inakiliwe ingali na afya, kwa utulivu, bila kumsumbua mtu. Huu ubao si mashine ya mama mkwe wangu. Kisanduku cha bluu na kompyuta vilikuwa chini ya mkokoteni, kwa bahati.

Mlinzi alikwenda kufungua geti. Nilipanda kiti. Kifuniko kina skrubu nne, mbili zimetoka kwa ukucha. Nimeichomoa, nimeisoma, nimeirudisha, hakuna aliyegundua chochote. Nilibonyeza picha moja tu, na nina hakika karibu yote kwamba haikuwa ya ufagio.

Naandika haya kwenye benchi la kliniki, nikingoja kuhakikisha kila kitu ni shwari. Ubao umeita namba sabini na moja. Mama mmoja ameinuka akaingia.

Umeita sabini na moja tena. Na tena. Mwenyewe ameshatoka na kadi yake mkononi, anarudishwa ndani.

Metroni amekuja kusimama mlangoni. Nimeinamisha kichwa, nageuza ukurasa.